Meru: mlima wenye vipimo vyote, usio kwenye ramani

Ukimtajia Mswahili Mlima Meru, atawaza Arusha: volkano ya mita 4,562, jirani ya Kilimanjaro. Mwingine atawaza Meru ya Kenya na mirungi yake. Meru inayozungumzwa hapa ni nyingine kabisa. Ni mlima wa vitabu vya Wahindu na Wabuddha, ule unaosemwa kuwa umesimama katikati ya dunia na jua likiuzunguka. Majina yamegongana kwa sauti tu, na anayeyaunganisha hana ushahidi mwingine zaidi ya hiyo sauti.

Mkanganyiko mkubwa hauko kwenye jina. Meru umepimwa. Vitabu vinataja urefu wake, kina chake chini ya maji, upana wa ngazi zake, hata madini ya kila ubavu. Mtu akiona vipimo vingi namna hiyo huanza kuutafuta mahali ulipo, na asipouona huchukua mlima wa karibu, mara nyingi Kailash wa Tibet, akasema ndio huo. Hapo ndipo mambo matatu tofauti yanapochanganywa: mlima wa hesabu, mlima wa hija, na mlima wa kujengwa kwa mikono. Tuanze na wa hesabu, maana hiyo mingine miwili inautegemea.

Yojana ni nini

Vipimo vyote viko kwa yojana. Kwa mujibu wa Abhidharmakosha, kitabu cha Vasubandhu kinachotegemewa na Wabuddha wa Tibet na Asia ya Mashariki, vidole 24 ni dhiraa moja, dhiraa 4 ni upinde mmoja, pinde 500 ni krosha moja, na krosha 8 ni yojana moja. Kwa hiyo yojana moja ni dhiraa 16,000. Ukichukua dhiraa ya sentimita 45, unapata kilomita 7.2. Wako wanaohesabu yojana ndefu zaidi, kilomita 13 hivi, ndiyo maana vitabu viwili vya leo vinaweza kukupa urefu wa Meru unaotofautiana karibu mara mbili na vyote vikawa vimenukuu andiko lile lile. Ukisoma kilomita popote, uliza kwanza ni yojana ya nani.

Dunia ya Wabuddha, kutoka chini kwenda juu

Chini kabisa kuna duara la upepo lenye unene wa yojana 1,600,000. Juu yake kuna maji, yojana 800,000. Uso wa maji hayo umeganda kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa, ukawa ardhi ya dhahabu yenye unene wa yojana 320,000. Juu ya dhahabu hiyo kuna bahari, na katikati ya bahari umesimama Sumeru, ndio Meru wenyewe: yojana 80,000 zimezama majini, 80,000 ziko juu. Wabuddha wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, wanaofuata maandiko ya Kipali, huuita Sineru na husema 84,000 juu na 84,000 chini. Kwa yojana ile ya kilomita 7.2, zile 80,000 za juu ni kilomita 576,000. Mwezi wetu uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani, kwa hiyo kilele kingeupita mbali.

Mlima una pande nne. Wa kaskazini ni dhahabu, wa mashariki fedha, wa magharibi kioo cha mawe, na wa kusini ni jiwe la buluu. Sisi wanadamu tunakaa kusini, na maelezo ya vitabu ni kwamba anga letu ni la buluu kwa sababu mwanga unaakisiwa na ubavu ule.

Sumeru umezungukwa na safu saba za milima ya dhahabu, na kila safu ni nusu ya iliyotangulia, kwa urefu na kwa unene: Yugandhara 40,000, Ishadhara 20,000, Khadiraka 10,000, Sudarshana 5,000, Ashvakarna 2,500, Vinataka 1,250, Nimindhara 625. Kati yake kuna bahari saba za maji matamu. Ya kwanza, inayougusa Sumeru, ina upana wa yojana 80,000, na kila inayofuata ni nusu ya ile ya kabla. Nje ya Nimindhara ndiyo kuna bahari ya chumvi, yojana 322,000, na mwisho wa yote ni ukuta wa chuma uitwao Chakravada, yojana 312.5.

Mabara manne yamo ndani ya hiyo bahari ya chumvi, moja kila upande. Letu, la kusini, ni Jambudvipa, lenye umbo la mkokoteni: pande tatu zina yojana 2,000 kila mmoja, na wa nne ni mwembamba mno, yojana 3.5 tu. Ni rahisi kuona Bara Hindi katika umbo hilo, pana juu na limechongoka chini. La mashariki ni nusu duara, la magharibi ni duara, la kaskazini ni mraba.

Sasa jumlisha. Nusu ya upana wa Sumeru, kisha bahari na safu moja baada ya nyingine hadi ukuta wa chuma, halafu zidisha mara mbili: unapata yojana 1,200,875. Lakini kitabu hicho hicho kinataja kipenyo cha dunia kuwa 1,203,450. Zinapungua 2,575. Ili hesabu ikae sawa, bahari ya nje ingepaswa kuwa na yojana 323,287.5. Anayechora mchoro wa dunia hii kwa vipimo kamili hukwama hapo, na inabidi achague ama kuinyoosha bahari ya nje ama kuuacha ukuta usifike ukingoni. Wachoraji wengi hawafiki huko, kwa sababu ukichora kwa vipimo halisi Nimindhara inakuwa mstari usioonekana kando ya Sumeru, nao huikuza.

Kazi ya mlima

Ukiuacha mlima ukae kama picha tu, vipimo vinachosha. Ukiuona kama chombo, vinaanza kufanya kazi, na kazi ya kwanza ni saa. Jua na mwezi havishuki chini ya dunia. Vinapeperushwa na upepo kuuzunguka Sumeru katika kimo cha yojana 40,000, yaani nusu ya mlima, sawasawa na kilele cha Yugandhara. Usiku ni kivuli: jua limejificha nyuma ya mlima. Kwa hiyo Jambudvipa ikiwa saa sita mchana, bara la kaskazini ni saa sita usiku, la mashariki jua linatua, na la magharibi linachomoza. Anayedhani watu wa kale hawakujua kwamba saa hutofautiana mahali na mahali aipitie sentensi hiyo tena.

Kazi ya pili ni daraja za viumbe. Sumeru una ngazi nne, moja kila yojana 10,000, zikitokeza nje kwa yojana 16,000, 8,000, 4,000 na 2,000. Tatu za chini wanakaa yaksha, aina ya mapepo, na ya nne wanakaa Wafalme Wanne, walinzi wa pande za dunia. Kileleni ni mbingu ya miungu Thelathini na Watatu, na mkuu wao ni Shakra, yule ambaye Wahindu humwita Indra. Kadiri unavyopanda, muda unarefuka. Siku moja ya Wafalme Wanne ni miaka 50 ya wanadamu, nao huishi miaka 500 ya aina hiyo: ni miaka 9,000,000 yetu. Kileleni siku moja ni miaka 100 na umri ni miaka 1,000, jumla 36,000,000. Lakini miungu hao nao hufa, na jambo hilo wasomaji wengi hulipita. Katika Ubuddha kilele cha Meru si wokovu. Ni makazi mazuri ya muda mrefu sana, na mwisho wake unajulikana.

Wahindu: mlima huohuo, ramani nyingine

Katika Vishnu Purana, moja ya vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu viitwavyo Purana, Meru umo katikati ya Jambudvipa yenyewe, si katikati ya bahari. Tofauti hii ndiyo ya kushika kwanza. Kwa Wabuddha, Jambudvipa ni kisiwa kidogo cha pembeni. Kwa Wahindu ni bara duara la kati, lenye kipenyo cha yojana 100,000, na mlima umesimama ndani yake. India, iitwayo Bharata, ni kipande chake cha kusini kabisa, chini ya Himalaya.

Meru huu una yojana 84,000 juu ya ardhi na 16,000 chini yake. Umbo lake huwashangaza wanaolisoma mara ya kwanza: kitako kina upana wa yojana 16,000, na kilele 32,000. Umepanuka juu. Maandiko yanaufananisha na kikombe cha mbegu cha ua la yungiyungi, na milima inayouzunguka ni nyuzi za ua hilo. Kwa hiyo mchoro wowote wa Meru wa Kipurana uliochongoka juu kama Kilimanjaro cha mtoto wa shule umekosewa.

Juu pana mji wa Brahma wenye yojana 14,000. Mto Ganga unashuka kutoka mbinguni, unauzunguka mji huo, kisha unagawanyika mara nne: Sita, Alakananda, Chakshu na Bhadra. Ubavuni kuna milima minne ya kuuegemeza, yojana 10,000 kila mmoja: Mandara mashariki, Gandhamadana kusini, Vipula magharibi, Suparshva kaskazini. Kila mmoja una mti wake, na wa Gandhamadana ni jambu, ule uliolipa bara jina lake. Jambu ndiye mzambarau wetu, unaopandwa hadi Tanga na Zanzibar. Jambudvipa, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni Kisiwa cha Mzambarau. Zambarau za mti ule zina ukubwa wa tembo. Zikianguka hupasuka, na juisi yake huwa mto.

Kulizunguka bara hilo kuna bahari ya chumvi, kisha visiwa vingine sita vya mviringo na bahari zake: ya maji ya miwa, ya mvinyo, ya samli, ya mtindi, ya maziwa, na ya mwisho ya maji matamu. Kila kisiwa ni mara mbili ya kilichotangulia, na kila bahari ina upana sawa na kisiwa inachokizunguka. Kwa Wabuddha vitu hupungua kwa nusu kadiri uendavyo nje. Kwa Wahindu huongezeka maradufu. Ukilishika hilo moja, huwezi tena kuzichanganya ramani hizi mbili.

Wanafalaki wanaupunguza

Ni kosa kusema kwamba Wahindu wote waliamini mlima wa yojana 84,000. Mwanafalaki Aryabhata, aliyeandika mwaka 499, alifundisha kwamba dunia ni mpira unaojizungusha. Meru hakuutupa. Aliupa kimo cha yojana moja tu na kuuweka kwenye ncha ya kaskazini. Surya Siddhanta, kitabu kingine cha falaki, nayo inaufanya kuwa mhimili unaopenya dunia na kutokeza ncha zote mbili, miungu wakikaa kaskazini na mahasimu wao, maasura, kusini. Hapo usemi wa zamani kwamba mwaka wa wanadamu ni siku moja ya miungu unapata maana ya moja kwa moja: kwenye ncha ya dunia jua huonekana miezi sita na kupotea miezi sita.

Mandara si Meru, na Kailash si Meru

Hadithi ya miungu na maasura kuivuruga bahari ya maziwa ili wapate maji ya uzima huandikwa mara nyingi kana kwamba mlima uliotumika ni Meru. Uliotumika ni Mandara. Ulisimamishwa kama mwiko juu ya gamba la kobe, ambaye ni Vishnu, na joka Vasuki akawa kamba, miungu wakivuta upande mmoja na maasura upande mwingine. Meru haung'olewi, mhimili ukitoka, dunia nzima imekwisha.

Kailash nao, katika Purana hiyohiyo, umetajwa peke yake kama mlima mwingine, kusini mwa Meru. Ni maskani ya Shiva. Kailash tunaoujua leo uko Ngari, magharibi mwa Tibet, una mita 6,638, na Watibeti huuita Gang Rinpoche, kito cha theluji. Kwa Wabuddha wa Tibet ni makazi ya Demchok, mungu wanayemtafakari. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, huuhusisha na Ashtapada, mahali Rishabhanatha, mwalimu wao wa kwanza, alipopata ukombozi. Wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, huuita Tise. Dini nne, jabali moja, na hakuna inayoruhusu mtu kukanyaga kileleni. Mpanda milima Reinhold Messner alipewa nafasi ya kuupanda katika miaka ya 1980, akakataa.

Kilichowafanya watu wauone kama Meru ni maji. Mito minne mikubwa huanzia katika eneo lake: Indus, Sutlej, Brahmaputra na Karnali. Inafanana mno na mito minne ya vitabu. Lakini hakuna hata mmoja unaotiririka kutoka kileleni, na Ganga yenyewe huanzia kwenye barafu ya Gangotri, nchini India. Karnali ni tawi lake tu, linaloungana nayo mbali huko chini.

Ibada ya hapo ni kuzunguka. Mzunguko, uitwao kora kwa Kitibeti na parikrama kwa Kihindi, una kilomita 52 hivi. Wahindu na Wabuddha huenda mlima ukiwa mkono wa kulia. Wabon huenda kinyume, mlima mkono wa kushoto, mwelekeo uleule wa tawafu ya Makka. Wageni huanzia Darchen na kutumia siku tatu: ya kwanza hadi Dirapuk, ya pili kuvuka njia ya Dolma La yenye mita 5,630 hivi na kushuka hadi Zutulpuk, ya tatu kurudi. Watibeti wengi huimaliza kwa siku moja, wakitoka usiku wa manane. Wanaosujudu kwa urefu wa mwili, hatua kwa hatua, huchukua wiki kadhaa.

Kinachoua huko ni kimo. Pale Dolma La hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya ufukweni. Anayefika Darchen kwa gari kutoka sehemu ya chini na kuanza kutembea kesho yake amejitafutia balaa. Inafaa kulala usiku kadhaa kwenye mita 3,500 hadi 4,500 kwanza. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, usipande zaidi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akihema hata akiwa ameketi, ashushwe hapohapo, usiku au mchana. Siku ya pili ndiyo mtego, kwa sababu ukishapita nusu ya njia hakuna gari, na njia ya kurudi ni ndefu sawa na ya mbele. Watu huongezeka sana mwaka wa Farasi, unaorudi kila miaka 12, kwa kuwa mzunguko mmoja mwaka huo huhesabiwa kama 13. Wa 2014 ulikuwa mmoja wao, na wa 2026 ni mwingine.

Kuuhamisha mlima

Mhimili wa dunia hauwezi kuwa mbali na mfalme, kwa hiyo wafalme waliujenga walipokaa. Angkor Wat ya Kambodia, kazi ya Suryavarman II katika karne ya 12, ina minara mitano ambayo ni vilele vya Meru, wa kati ukifika mita 65, na handaki la maji lenye upana wa mita 190 ndilo bahari. Lilijengwa kwa ajili ya Vishnu, baadaye likawa la Wabuddha, na mawe hayakuhitaji kubadilishwa, kwani pande zote mbili ziliutambua mlima. Kwenye ukuta wa mashariki imechongwa ile hadithi ya kuvuruga bahari, na mlima wa katikati ni Mandara, ingawa jengo zima ni Meru.

Wajava, watu wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, hawakujenga tu, walidai kwamba miungu waliubeba mlima wenyewe kutoka India ili kisiwa kiache kuyumba. Ukawekwa magharibi, kisiwa kikainama. Wakausogeza mashariki, vipande vikidondoka njiani na kuwa volkano nyingine. Uliobaki ni Semeru, mita 3,676, ulio hai hadi leo: mlipuko wa Desemba 2021 uliua watu zaidi ya 50. Katika kisiwa cha Bali, meru ni jina la mnara wa hekalu wenye mapaa ya nyuzi za mti wa jamii ya mitende yaliyopandana, kwa kawaida idadi isiyogawanyika kwa mbili, hadi 11. Na mnara wa hekalu la Kihindu la mtindo wa kaskazini mwa India huitwa shikhara, yaani kilele cha mlima. Minara ya namna hiyo ipo hata Nairobi.

Dunia ya mviringo ilipoingia Asia, wengine waliupigania mlima. Mtawa wa Kijapani Fumon Entsu aliitetea Sumeru kwa hesabu za falaki mwanzoni mwa karne ya 19, na mafundi wakatengeneza mifano ya saa inayoonyesha jua likiuzunguka. Mtibeti Gendun Chopel aliandika gazetini mwaka 1938 kwamba dunia ni mviringo, na kwamba kung'ang'ania kinyume ni ukaidi. Dalai Lama wa 14 naye amesema wazi kwamba jiografia ile haishikiki. Watawa wake, hata hivyo, wanaendelea kuujenga Meru kila siku, kwa nafaka.

Meru juu ya sahani

Sadaka ya mandala, yaani mfano wa dunia nzima unaotolewa kama sadaka, inahitaji sahani ya shaba au fedha isiyo na ukingo, pete tatu zinazopungua ukubwa, kilemba cha juu, na mchele mkavu, mara nyingi uliotiwa zafarani. Shika sahani kwa mkono wa kushoto ukiwa na punje kiganjani, kwa kuwa sadaka haitolewi mkono mtupu. Pangusa uso wake kwa kifundo cha mkono wa kulia, mara tatu, mwelekeo wa saa. Weka pete kubwa. Fungu la kwanza ni katikati: Meru. Kisha mashariki, kusini, magharibi, kaskazini. Kisha visiwa vidogo viwili kando ya kila bara, ambavyo ni 8, na hesabu imefika 13. Zinafuata hazina nne za mabara, vito saba vya mfalme wa dunia, chombo cha hazina, miungu wa kike 8 wa sadaka, jua, mwezi, mwavuli na bendera ya ushindi. Jumla 37.

Wanaoanza hukosea palepale. Kosa la kwanza ni mchele mchache: pete ya chini isipojaa hadi ukingoni, ya pili inazama upande mmoja na mlima unaanguka kabla ya jua na mwezi. La pili ni mashariki. Baadhi ya walimu huihesabu upande wa mtoaji, wengine upande wa anayetolewa, na ukibadili katikati ya sala mabara yanageuka. Ufuate wa mwalimu wako na usiuchanganye. Anayefanya mazoezi ya mwanzo ya tantra, njia ya siri ya Ubuddha wa Tibet, hutakiwa kutoa mandala 100,000, kwa kawaida ile fupi ya mafungu saba: mlima, mabara, jua na mwezi. Mchele uliochafuka huchambuliwa na kuongezewa mpya kila siku. Sala ikiisha sahani huinamishwa, nafaka inamwagika mapajani kwenye kitambaa, na mkono unarudi kupangusa.